Mlango wa mwaka 1301: kisa cha nyumba moja ya Mji Mkongwe, Bagamoyo

Nyumba ninayoizungumzia iko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, karibu na Mtaa wa India, upande unaoteremkia baharini. Ni ya mawe, ya ghorofa moja, na ni mali ya mirathi ambayo haijagawanywa. Warithi ni wengi: baadhi wako Dar es Salaam, mmoja Tanga, mmoja Muscat. Anayeishi ndani ni bibi mwenye miaka sabini na ushei, pamoja na wajukuu wawili wanaosoma. Majina nayaacha, na alama mbili tatu za nyumba nimezibadili makusudi, kwa kuwa mlango bado upo na wanaoutaka bado wapo.

Kisa kilianza na dari. Masika yalikuja na mvua kubwa, mabati ya zamani yakavuja, na boriti za chumba cha nyuma zikakatika usiku. Hakuna aliyeumia. Haikupita muda akafika dalali, mtu wa mjini hapo hapo, akiwa na mgeni wake. Hawakuuliza habari ya nyumba wala kiwanja. Walitaka mlango wa mbele: miimo, mbao zote mbili, na kizingiti cha juu chenye nakshi. Fedha waliyotaja ilitosha kuezeka nyumba nzima upya na nyingine ikabaki, tena mgeni angeweka geti jipya la chuma kwa gharama yake mwenyewe.

Mtoto wa marehemu kaka yake bibi, ambaye ndiye msimamizi wa mambo ya familia pale mjini, alipokea arubuni. Akanunua miti ya kuegemeza dari, akamlipa fundi, akabakiwa na kidogo. Kwa hiyo familia ilipokuja kukaa kikao, sehemu ya bei ya mlango ilikuwa imekwisha kuliwa, na dalali alikuwa na haki ya kuuliza fedha ya mgeni wake imekwenda wapi.

Niliitwa na mmoja wa warithi, mwalimu wa shule ya msingi, kwa sababu anajua nimekuwa nikipita nyumba hadi nyumba kuandika habari za milango ya mji huu. Alisema kwenye simu, "Njoo uutazame kabla haujang'olewa." Nikaenda nikautazama, na nadhani kisa hakieleweki mpaka mlango wenyewe uelezwe vizuri.

Mlango wenyewe

Ni mlango wa mbao mbili, unaofunguka kwa ndani. Miimo na kizingiti ni msaji, mti uliokuwa ukija na majahazi kutoka upande wa India wakati wa kaskazi. Mbao zenyewe ni mvule, mti wa huku kwetu. Kwenye kizingiti kuna yungiyungi katikati, na matawi yanayojikunja kwenda pande zote mbili, yamechongwa kwa kina kiasi kwamba kidole kinaingia nyuma ya jani. Chini kabisa ya miimo wamechongwa samaki, kila upande mmoja, magamba yao yamelika kwa mikono ya watoto waliokaa hapo wakicheza. Mbao zina njumu za shaba, yaani vichwa vya misumari ya urembo, safu kwa safu. Baadhi zimeng'olewa zamani, na mashimo yake yamezibwa kwa lami. Ukingoni mwa miimo unapanda mnyororo wa kuchonga unaozunguka mlango wote. Na juu, katikati ya nakshi, kuna Bismillahi na tarakimu nne za Kiarabu: 1301.

Mwaka 1301 wa Hijria ulianza Novemba 1883 na kuishia Oktoba 1884. Ni wakati wa Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja. Mlango huu ulikuwa umekwisha simamishwa Mjerumani Carl Peters alipopita Usagara na mikataba yake mwishoni mwa 1884, na ulikuwepo wakati wa vita vya Abushiri, 1888 hadi 1889, ambavyo viliharibu sehemu ya mji. Familia inasema aliyejenga nyumba alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Kihindi, mwenye asili ya Kutch, magharibi ya India. Babu yake bibi aliinunua baadaye kutoka kwa wajukuu wa mjenzi.

Waongoza watalii wakifika hapo huwa na maelezo mawili tayari. La kwanza, kwamba njumu ni za kuzuia tembo wasisukume mlango. Huko India milango ya ngome iliwekewa miiba ya chuma kwa sababu hiyo, ila njumu hizi ni fupi kama kifungo cha koti na zimewekwa kwa urembo na heshima. La pili, kwamba mnyororo wa nakshi ni alama ya nyumba ya muuza watumwa. Hili nalipinga kila ninapolisikia. Nakshi ya mnyororo iko kwenye milango ya watu wa kila kazi, na wengi huieleza kuwa ni kinga ya nyumba. Kusema hivyo hakumwondoi mwenye nyumba hii kwenye historia ya utumwa. Misafara iliyoleta pembe za ndovu Bagamoyo ilileta pia watu waliotekwa, hata baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara hiyo baharini, na hakuna duka la mtaa huu lililokaa mbali na fedha hiyo. Lakini ushahidi wa jambo zito namna hiyo unatafutwa kwenye hesabu, barua na kumbukumbu za misheni iliyofunguliwa hapa mwaka 1868 na kupokea waliokombolewa. Kumwonyesha mgeni maua ya mbao na kumwambia "tazama, mnyororo" ni kuwapunja wale waliofungwa minyororo ya kweli.

Kuna kitu kimoja zaidi, nacho ndicho kilichokuja kuamua kisa. Mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili hukutana, hauna nakshi hata moja. Ni mninga uliopigwa randa tu. Kwenye mlango kama huu mfaa ndipo fundi anapoonyesha mkono wake wote, na kuukuta mtupu ni sawa na kukuta kofia ya vito isiyo na kito cha mbele. Nilidhani uliliwa na mchwa. Nikaandika hivyo kwenye daftari langu na kuendelea.

Nyumba ilikuwa ya kazi gani

Ukiingia, unakutana na ukumbi mrefu mwembamba. Vyumba vyote ni vyembamba, kwa sababu dari ni ya boriti za mikoko, na boriti ikipita urefu wa mita tatu hivi huanza kupinda. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Miti hiyo hiyo ilikuwa ikipakiwa kwa maelfu kutoka mdomo wa Rufiji kwenda Ghuba, ambako hakuna misitu, na nyumba za huko zina vyumba vyenye upana kama wa hivi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mbele chini palikuwa duka, nyuma ghala lenye dirisha dogo la juu, na juu wanaishi watu.

Ghala hilo ndilo roho ya nyumba. Bagamoyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa njia ya kati, inayopita Usagara, Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, kisha Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, safari ya kilomita 1,200 hivi kwa miguu. Msafara uliokuwa ukiondoka ulihitaji nguo kwanza kabisa, kwa sababu nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani: shuka ya mikono minne, doti ya mikono minane, jora zima kwa mtemi mkubwa. Kulikuwa na kaniki iliyotiwa nili, na kulikuwa na merikani, kitambaa cheupe kizito kilichofumwa Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, merikani ikaadimika, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikaingia sokoni. Mwaka 1883, mwenye duka hili angekuwa na vitambaa vya pande zote. Juu ya nguo kulikuwa na shanga za Venice na masango, yaani nyaya nene za shaba. Kila kitu kilifungwa mizigo ya frasila mbili hivi, kama kilo 32, mzigo wa mtu mmoja.

Waliobeba walikuwa wengi wao Wanyamwezi, wapagazi wa kulipwa waliokuwa wakishuka pwani kwa makundi na kupiga kambi pembezoni mwa mji wakisubiri msafara wa kurudi. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alitangulia mbele, hongo, yaani ushuru wa kupita, ililipwa kila nchi ya mtemi, na Ugogo ndiko watu walikoogopa zaidi kwa ajili ya maji na hongo vyote viwili. Waliporudi walileta pembe za ndovu. Sehemu kubwa ya pembe hizo iliishia Connecticut, kwenye viwanda vya vitana na vibao vya piano. Karibu zaidi na pwani, Wazaramo walichimba sandarusi, utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kama jiwe, nayo ikapelekwa hadi Salem, Massachusetts, kutengenezewa vanishi. Watu wa Salem walipaka samani zao utomvu wa Uzaramo, na watu wa Uzaramo wakavaa pamba iliyofumwa mkoa uleule wa Salem. Duka kama hili lilikaa katikati.

Mtu aliyekuwa mkubwa kuliko wote katika kazi hii Bagamoyo ni Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki 1897, ambaye aliwapa misafara bidhaa na wapagazi, na akatoa mali yake kwa shule hapa na hospitali Dar es Salaam. Mjenzi wa nyumba yetu hakuwa wa kiwango hicho. Alikuwa mwenye duka wa kati, aliyepata faida ya kutosha kununua msaji mzuri na kumlipa fundi mzuri. Ndiyo maana mlango wake nauthamini: ya wakubwa imeandikwa, ya kina huyu imebaki mbao tu.

Kikao

Kikao kilifanyika ukumbini, bibi amekaa mkekani, wengine kwenye viti vya plastiki, na waliokuwa mbali wakasikiliza kwa simu iliyowekwa katikati. Msimamizi alianza. Hakujificha. "Shangazi, mlango haulali njaa, sisi tunalala. Dari likimwangukia mtoto, nani atakuja kuutazama mlango?" Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka.

Kisha ukaja mjadala ambao nimeusikia katika nyumba nyingi za mji huu. Mmoja kutoka Dar es Salaam akasema mlango ni wa Kihindi, aliuweka Mhindi, sisi tumeukuta tu, kwa hiyo si urithi wetu wa kuulilia. Yule wa Muscat akasema hapana, maandishi ni ya Kiarabu na mwaka ni wa Hijria, huo ni mlango wa Waarabu. Mwalimu akasema ni wa Waswahili kwa kuwa uko Uswahilini. Wakaendelea hivyo kwa muda, kila mmoja akivuta kwake, na nikaona hatari iliyokuwemo: kama mlango ni wa watu wengine, basi kuuza si kosa. Dalali alikuwa ameilisha familia neno hilohilo mapema.

Waliponiuliza niliwaonyesha miti. Msaji ulitoka ng'ambo na kaskazi. Mvule ni wa huku, kwa hiyo mlango huu haukushushwa jahazini ukiwa mzima. Umepigwa randa na kuunganishwa huku. Yungiyungi na njumu ni mtindo wa Gujarat. Mwaka na Bismillahi vimeandikwa kwa hati ambayo Waislamu wote wa pwani waliisoma chuoni. Na aliyelipa, kwa maana ya mahali fedha ilikotoka, ni pembe iliyobebwa begani kutoka Unyamwezi na sandarusi iliyochimbwa Uzaramo. Ukitoa kimoja hapo, mlango haupo. Familia iliyolala nyuma yake kwa vizazi kadhaa ina haki ya kuuita wake bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Hata hayo hayakuamua. Kilichoamua ni bibi. Alikuwa kimya muda wote, akamgeukia msimamizi.

"Mwanangu, mfaa wa mlango huu unajua uko wapi?"

"Si ulioza, Shangazi?"

"Haukuoza. Baba yako aliuuza. Ule mwaka wa shida, sukari hakuna, sabuni hakuna. Akaja mtu na gari, akampa nusu gunia la sukari na miche ya sabuni. Mlikuwa wadogo, watoto sita ndani ya nyumba hii. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Lakini sukari iliisha kabla ya Ramadhani."

Msimamizi hakuwa analijua hilo. Nami nilikuwa nimeandika mchwa. Hakuna aliyesema kitu kwa kitambo, kisha yule wa Muscat akauliza kwenye simu, arubuni ni kiasi gani.

Sheria inasemaje

Dalali aliporudi alikuja na hoja aliyoiandaa. Alisema Sheria ya Mambo ya Kale inahusu vitu vya kabla ya mwaka 1863, na mlango wenyewe umejiandika: 1301 ni 1883 au 1884. Kwa hiyo uko huru.

Hoja hii inapaswa kujibiwa kwa umakini, kwa sababu nusu yake ni kweli na ndiyo inayowapata watu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inautumia kweli mwaka 1863 kama mpaka wa majengo na masalia mengine. Lakini sheria hiyohiyo ina fungu lake la milango. Inataja milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wowote wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Walioiandika walijua nakshi za pwani zilichongwa kwa wingi baada ya 1863, na walijua kwamba mtu atakuja kusema "huu ni wa Kihindi". Wakaifunga mianya yote miwili kwa sentensi moja. Kuuza kitu cha namna hiyo, na zaidi kukipeleka nje ya nchi, kunataka kibali.

Upande wa mirathi nako palikuwa pagumu kwa mnunuzi. Nyumba haijagawanywa, na mlango uliopigiliwa ukutani ni sehemu ya nyumba. Sheikh wa mtaa alipoulizwa alijibu kwa maneno machache: mrithi mmoja hawezi kuuza kilicho cha wote bila ridhaa ya wote. Msimamizi alikuwa ameuza asichokuwa nacho, hata kama nia yake ilikuwa kuokoa dari.

Lakini kitu kilichonionyesha kwamba mnunuzi aliijua sheria vizuri kuliko familia ni karatasi ya mauziano. Alitaka isainiwe na msimamizi pamoja na mashahidi wawili. Haikuandikwa "mlango" popote. Iliandikwa "mbao chakavu kutoka nyumba iliyobomolewa". Nyumba imesimama, watoto wanasoma ndani yake, na karatasi inasema imebomolewa. Kama karatasi ile ingesainiwa, kila atakayeulizwa barabarani au bandarini angekuwa na jibu mkononi, na atakayeshtakiwa kwa uongo angekuwa aliyesaini. Namwambia kila mwenye nyumba Bagamoyo, Pangani na Tanga: ukiletewa karatasi, isome kwa sauti mbele ya mtu mwingine kabla ya kalamu kugusa.

Dalali aliposomewa fungu la milango hakubishana sana. Alitaka arubuni yake.

Kilichofanyika

Arubuni ilirudishwa. Kundi la WhatsApp la familia, ambalo kwa kawaida hutumika kwa misiba na harusi, lilitumika kwa mchango. Wa Muscat alitoa fungu kubwa, wengine walichangia kidogo kidogo, na msimamizi anamalizia sehemu yake kwa mafungu. Alikubaliwa aendelee na usimamizi. Wapo waliotaka aondolewe, bibi akakataa, na nadhani alifanya sawa. Mtu aliyekwisha kulipa kwa aibu mbele ya ndugu zake hatapokea arubuni ya pili.

Ofisi ya Mambo ya Kale iliarifiwa kwa barua, ikatuma mtu akapima mlango, akaupiga picha pande zote, na taarifa ikawekwa kwenye faili. Ni hatua rahisi kuliko watu wanavyodhani, na thamani yake ni kubwa: mlango usio na picha ukiondoka, huna cha kumwonyesha polisi. Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, nguzo za makaburi bado zina visima vidogo ambamo bakuli za kauri za ng'ambo zilipachikwa karne nyingi zilizopita. Bakuli hazipo. Kwa nyingi kati ya hizo hata sura yake hatuijui, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzichora kabla hazijaondoka.

Halafu likaja paa, na hapa ndipo kazi halisi ilipokuwa. Fundi wa kwanza aliyeletwa na msimamizi alitaka kupiga lipu ya saruji ukuta wote wa nyuma, iwe imara. Fundi mzee aliyekuja baadaye alikwangua kidogo lipu ya saruji ambayo mtu aliipiga zamani upande wa kisimani, na nyuma yake chokaa ya asili ikamwagika kama unga. Alieleza vizuri kuliko kitabu. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, na una chumvi ya bahari ndani yake. Chokaa huyaacha maji hayo yatoke. Saruji huyafungia ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, ukuta unaoza kwa ndani huku nje ukionekana mpya, na kichwa cha boriti kilicholala ndani ya ukuta huo huoza pamoja nao. Boriti zile zilianza kuharibika vichwani, pale zinapoingia ukutani, na uzito wa maji ya mvua ukamalizia.

Kwa hiyo saruji iliondolewa, ukuta ukaachwa upumue kiangazi kizima, kisha ukapigwa chokaa iliyolowekwa shimoni kwa wiki kadhaa mpaka ikawa laini kama siagi. Boriti mpya zilikuwa taabu ya aina nyingine. Misitu ya mikoko ni hifadhi, na kukata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Zilizopatikana kwa njia ya halali zilitosha nusu ya chumba. Nusu nyingine imewekewa mbao za mti mgumu zilizochongwa ziwe duara. Wapo watakaosema hiyo si hifadhi safi. Mimi naiona ni sawa, kwa sababu mvua haikusubiri.

Fedha ya kuendelea inatoka kwenye lile duka la zamani la mbele. Lilikuwa stoo ya vitu vibovu. Limesafishwa na kupangishwa kwa wanafunzi wa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambao wanahifadhi ngoma zao humo na kufanyia mazoezi jioni. Kodi si kubwa, lakini inafika kila mwezi, na familia imekubaliana iwe ya paa peke yake. Bibi analalamika kidogo kuhusu kelele za ngoma wakati wa kulala. Wajukuu hawalalamiki.

Ninavyokiona kisa hiki

Watu wanapozungumza juu ya milango inayopotea, lawama huenda kwa tamaa ya vijana au ujanja wa wanunuzi. Ujanja nimeueleza. Tamaa sikuiona katika nyumba hii. Mfaa wa mlango uliuzwa wakati wa shida ya sukari, na mlango ulikaribia kuuzwa wote wakati dari lilipoanguka. Mara zote mbili familia ilikuwa imebanwa, na mara zote mbili mnunuzi alikuja wakati wenyewe, kwa sababu wanunuzi hawa huzitazama nyumba zetu kwa makini kuliko sisi. Wanajua mabati yapi yametoboka. Tukitaka kujua mlango upi utaondoka mwaka ujao, tutazame juu ya paa kabla ya kutazama nakshi.

Sheria ilisaidia, na ninaisifu kwa hilo. Ilimzuia mtu siku moja. Haikuleta bati hata moja. Tangu 2006 njia ya misafara kutoka hapa hadi Ujiji imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia, ikiwa na vituo vyake Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, na Bagamoyo ikiwa mlango wake. Ni jambo kubwa na nalitaka lifike mwisho. Hata hivyo, mji huu ulikwisha pigwa mara moja na uamuzi uliofanywa mbali nao. Makao makuu ya Wajerumani yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891, reli ya kati ikaanzia huko 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na wapagazi hawakuwa na sababu tena ya kushuka Bagamoyo. Maduka yakafungwa, nyumba zikabaki na watu wasio na kipato cha kuzitunza. Ndiyo hali tuliyoirithi, na orodha pekee haitaibadilisha kama mwenye nyumba ataendelea kubeba paa peke yake.

Ningependa kuona mfuko mdogo wa paa na kuta kwa nyumba za watu wanaoishi ndani yake, wenye chokaa na mafundi wake, na unaotoa bati ishirini bila mtu kuandika maombi ya kurasa kumi. Ningependa pia kila mgeni anayesimama mbele ya milango ya mtaa huu kupiga picha ajue kuna mtu ndani, abishe hodi, aache kitu. Wanafunzi wa TaSUBa wameanza wenyewe: wameweka kibubu karibu na baraza, na bibi amekubali kwa sharti kwamba ufunguo akae nao yeye.

Mfaa haujapatikana. Bibi anakumbuka ulikuwa na tende zilizochongwa mafungu mafungu kutoka chini hadi juu, na alama ya kuungua kwa chemli usawa wa kifua. Urefu wake tunao, maana ni urefu wa mlango. Maelezo hayo nimeyapeleka kwa watu wanaopita kwenye maduka ya vitu vya kale Dar es Salaam, Unguja na Mombasa.

Nusu ya mbele ya paa haijaguswa. Warithi wamekubaliana kuchanga tena baada ya Idi, ili mabati yapande kabla ya vuli, na msimamizi ndiye aliyekwenda kuulizia bei.